Shingo ya Muuza Mikate

Basi letu lilikwama kwenye foleni. Pembeni, baiskeli zilipita kwenye njia yao mpya, iliyotengwa kwa vizuizi vya zege. "Wametubana sisi ili wao wapite kama maharusi!" alifoka fundi cherehani aliyeketi mbele yangu. Alikuwa amekaa, lakini ungedhani ndiye anayelisukuma basi.

Jirani yake, muuza mikate mwenye bendeji gotini, alicheka. "Dada, mimi ni wa humo. Jana nimeanguka humo humo."

"Gari lilikufuata mpaka ndani?"

"Wala! Miaka ishirini naendesha huku nageuka nyuma kuangalia magari. Jana nikageuka vilevile, nikavamia kizuizi. Mikate yote chini."

"Pole, kaka. Lakini barabara wametubania."

"Sikatai. Ila mke wangu ameacha kunipigia simu kila saa kuuliza kama nimegongwa. Kesho narudi humo humo, shingo itazoea."

Foleni ilisogea. Kituoni fundi alishuka, na kabla ya kuvuka njia ya baiskeli aligeuka nyuma mara tatu kuangalia kama kuna inayokuja. Muuza mikate hakumcheka. Naye alikuwa amegeuza shingo dirishani, anamwangalizia baiskeli.