Sanduku la Kadi la Aune Lehtinen

Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2012, Bi. Aune Lehtinen anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika chumba cha kumbukumbu za matibabu ya miale, ghorofa ya chini kabisa ya hospitali yetu hapa Thunder Bay. Huko chini mwanga hupenya theluji ya dirishani ukiwa na rangi ya maziwa. Wengi tulioshuka kutafuta faili tulijikuta tumekaa, tunakula mkate wake wa iliki, tumesahau tulichofuata.

Aliajiriwa kupanga majalada. Kazi ya kupiga simu alijipa mwenyewe. Kila mtoto aliyewahi kupigwa miale ya kichwa kwa ajili ya saratani alikuwa na kadi, na kila mwaka, tarehe aliyomaliza matibabu, Aune alimpigia. Watoto wakawa watu wazima wenye vipara, naye bado anauliza: kichwa kinauma asubuhi? Maneno yanakukwama? Mwaka 1998 idara iliamriwa kutupa kadi za zamani, maana wenyewe walishapona. Alizificha chini ya mapambo ya Krismasi, na mkuu wa idara akajifanya haoni.

Wendell Kozak, dereva wa lori la magogo, alimtania miaka yote: "Mama Aune, hata mke wangu hanikumbuki hivi." Mwaka 2009 hakutania. Alisema polepole kwamba wiki ile amegonga geti lake mwenyewe mara mbili.

"Usiguse lori," Aune alimwambia. "Mkeo akulete sasa hivi."

Picha ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, wa aina ya nadra. Miale iliyomponya akiwa na miaka sita ndiyo iliyouotesha, miaka thelathini na mmoja baadaye. Ulitolewa ukiwa bado mdogo. Leo Wendell yuko safu ya mbele, na keki ameshaionja kabla ya hotuba.

Wiki iliyopita Aune alinikabidhi sanduku lile, mimi niliyekaa meza ya pili kwa miaka tisa. Niliogopa, nasema kweli. Nikazipitia kadi zote hadi ya mwisho, iliyokunjika pembe. Ina jina lake. Alimaliza kupigwa miale kichwani Machi 1952, akiwa na miaka mitano, kutibiwa mapunye, kama watoto wengi wa enzi hizo. Nikamuuliza nani humpigia yeye.

"Nani anipigie?" akacheka. "Simu si ninayo mimi?"

Asante, Aune. Pumzika vizuri, oka mikate, lala hadi jua lichomoze. Ila tarehe tatu Machi, asubuhi, kaa karibu na simu.