Mama Vitawi na Taa ya Kupimia

Mama yetu mkubwa alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, na mama yake alipenda kusimulia kwamba bintiye alifumbua macho kabla ya kulia, kama mtu aliyekuja kukagua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1984 na ya uzamivu mwaka 1995, akawa mhadhiri hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kutengeneza molekuli kubwa zenye matawi kama mti, zinazotiririka kama mafuta mazito ilhali zimejipanga kwa mistari, na mwanga wa zambarau ukizipiga, ncha za matawi hukunjika, mistari ikavurugika. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Vitawi, naye akaliitikia.

Mwaka 1987 alikwenda kwa mpiga picha wa studio kuazima taa nyekundu ya chumba cha giza, akakawia kuirudisha, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, na mzee husema taa yake hajaiona mpaka leo. Walijaliwa mapacha, tarehe 3 Agosti 1991.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 20 Mei 2022, saa nne asubuhi, mumewe na mapacha wakiwa kando yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliopokezana kumkesha, na wenzake wa maabara waliomletea habari za kazi badala ya maua, kama alivyotaka.

Aliagiza jambo moja lisirukwe. Mwaka 2016 aliandika katika jarida kwamba ncha hizo za matawi zikishakunjika, zikiachwa gizani hunyooka zenyewe kwa muda wa saa tisa, na kwa ugunduzi huo chuo kilipanga kumvisha nishani tarehe 11 Februari 2022, naye alikuwa akisema nishani hiyo inamtibu kuliko dawa. Jumamosi tarehe 5, wakila chakula cha mchana, mzee alimuuliza, "Mama Pacha, huko gizani kwenu mnazichungulia kwa taa gani?" Akajibu, "Ya buluu, hafifu tu, kila saa mara moja." Mzee akacheka, "Hafifu! Mimi hapo ningeshaunguza filamu za harusi nzima."

Akaweka kijiko chini. Alijua mwanga wa buluu huzinyoosha ncha hizo, ila hakudhani mwanga kidogo hivyo waweza kutosha. Alasiri hiyo aliipiga sampuli mwanga wa zambarau, akaifungia gizani bila kuichungulia, Jumapili akaipima mara moja tu, na ncha zilikuwa bado zimekunjika, yaani miaka yote ile taa ya kupimia ndiyo iliyokuwa ikizinyoosha. Hakuna mwingine aliyejua, na angenyamaza, nani angemuuliza mgonjwa?

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, alimtumia mhariri wa jarida barua ya kuifuta makala yake, akamkabidhi mkuu wa idara nakala pamoja na mwaliko wa nishani, kisha akaingia darasani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaandika ubaoni "Nilikosea," akavuta kiti, maana miguu ilikuwa imechoka, akawaeleza kosa lake hatua kwa hatua, mpaka kengele ilipolia.

Nenda salama, Mama Vitawi.