Mnyama Asikuone, Mwenzako Akuone: Bi Mauza Salem Aweka Mkasi Chini

Bi Mauza Salem anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Karakana ya Mavazi ya Nyika, hapa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa miaka thelathini na moja. Alianza kwa kushona vifungo, akapanda hadi kwenye cherehani, kisha akawa mkataji mkuu, cheo ambacho hakikuwahi kuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kukipinga. Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nakaa kaunta na eti mimi ndiye mwenye maneno mengi. Haya, wameyataka wenyewe.

Kwa wageni wetu wa leo, kazi yetu ni kushona mavazi ya kuwindia. Wapita njia wakiona kaki dirishani hudhani tunauza sare za walinzi, na kila wiki lazima nimwelekeze mtu duka la pili. Sisi tunawavalisha wawindaji wenye vibali, pamoja na wale wanaowatangulia porini: wasoma nyayo, wabebaji na madereva. Mmoja wa wasoma nyayo hao ni Mzee Abubakary, mume wa Bi Mauza, ambaye sote tunamwita Mzee Abuu. Kila Julai msimu ulipofunguliwa alikwenda mapori ya kusini, na kila Desemba mkewe alimsubiri. Kwa hiyo Bi Mauza alipokata kitambaa, alikuwa anakata nguo ambayo mtu wake angerudi nayo nyumbani, au asingerudi. Mkilijua hilo, mengine yote mtayaelewa.

Wateja walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Kijana mmoja wa Upanga, ametoka tu kununua bunduki, alikuja akitaka suti ya mabaka kama ya jeshi. Bi Mauza hata futi ya kupimia hakuinua. Alimwambia kwamba kwanza sheria hairuhusu raia kuvaa mabaka hayo, kisha akamuuliza, "Baba, wewe unataka kuwinda au unataka kuwindwa?" Kijana aliondoka na kaki, na mpaka leo anatuletea rafiki zake wote.

Suruali ya jinzi ndiyo kabisa, hakutaka hata kuisikia. Mbung'o wanaipenda bluu iliyokolea na nyeusi kama nzi wanavyopenda embe bovu, alikuwa akisema, na mtu anayejipiga makofi mgongoni kutwa nzima hawezi kuwinda hata panya. Kitambaa cha nailoni alikikunja karibu na sikio la mteja, akakisugua, akamwacha asikie mwenyewe zile kelele. Vifungo vya kung'aa alivikataa. Sabuni yenye manukato aliikataa. Nguo ya porini ifuliwe kwa sabuni ya mche, ianikwe kivulini, basi. Mikono mirefu, hata jua liwake vipi. Ukimbishia, anakutazama juu ya miwani mpaka unaanza kuvua ile uliyokuja nayo.

Ila asije mtu akadhani alizaliwa anayajua haya. Kisa cha udi alikuwa wa kwanza kukisimulia mwenyewe. Kwao, kama ilivyo kwa familia nyingi za hapa mjini zenye asili ya Uarabuni, mume haondoki safari na nguo kavu kavu. Nguo hutandazwa juu ya chetezo zikafukizwa udi mpaka zikolee. Basi katika msimu wa kwanza tangu aanze kazi hapa, Bi Mauza alimshonea mumewe suti za kaki safi, akazifukiza zote. Mzee Abuu akaingia porini ananukia kama bwana harusi. Ikapita wiki, msafara mzima haujaona hata mkia wa nyati. Upepo ukivuma tu kutoka upande wao, wanyama wanakata mbuga. Mkuu wa msafara akaanza kuwanusa watu mmoja mmoja, na alipofika kwa Mzee Abuu akasimama hapo hapo.

Mzee Abuu aliporudi alimwambia mkewe kwamba udi wake ni mzuri sana, ila nyati hawajaalikwa harusini. Bi Mauza alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akachukua udi wote wa nguo za mumewe, akautia kwenye kopo, akalifunga, akasema litafunguliwa siku Mzee Abuu atakapoachana na pori. Hata kanzu ya Idi hakuifukiza tena, maana udi ukishakolea sandukuni hautoki, na sanduku la nguo za nyumbani lilikuwa hilo hilo la nguo za pori. Mawifi walimsema sana, eti mume anaswali Idi ananukia sabuni ya mche. Yeye akawajibu, mnukie nyinyi.

Mimi niliajiriwa mwaka uliofuata, kwa hiyo kisa kinachofuata, cha kofia, nilikishuhudia mwenyewe. Katika msimu wa tatu Bi Mauza alishona suti ambayo sijaona mfano wake tena. Kitambaa alikichemsha kwa majani ya chai na magome mpaka kikafanana na nyasi za Agosti. Mzee Abuu alipoijaribu hapa uani, penye rundo la magunia na makuti makavu, tuligeuka kidogo kupokea chai, tulipotazama tena hatukumwona. Tulipiga makofi. Bi Mauza alitembea kifua mbele wiki nzima, na alikuwa na haki yake.

Septemba hiyo mgeni mmoja aliyekuja kuwinda alimfyatulia Mzee Abuu risasi. Nyati alikuwa amejeruhiwa, Mzee Abuu akatangulia kwenye nyasi ndefu kufuata damu, nyasi zikatikisika, na mgeni akaona mtikisiko bila kumwona mtu. Risasi ilitoboa ukingo wa kofia. Mungu ni mkubwa, Mzee Abuu alitoka na mlio sikioni tu. Lakini Bi Mauza alipoletewa ile kofia alipitisha kidole kwenye tundu, akakaa chini pale pale juu ya vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja mlangoni. Alisema ni yeye aliyemfanya mumewe asionekane. Tulimwambia mwenye kosa ni yule aliyefyatua kabla ya kutazama, na ni kweli, ila hakutusikia. Kesho yake alikuja asubuhi mapema kuliko wote, akaipigilia kofia ukutani juu ya meza yake ya kukatia. Iko pale mpaka leo.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila fundi wa karakana hii amelishiba: mnyama asikuone, mwenzako akuone. Ni rahisi kulisema, ila kulishona ni kazi nyingine. Bi Mauza alikumbuka kwamba stoo kuna kitambaa cha rangi ya chungwa, mabaki ya jezi za timu moja ya Buguruni iliyofungwa mabao mengi ikavunjika kabla ya kuja kuzichukua. Akafikiri hivi: msoma nyayo hutangulia, mnyama yuko mbele yake, bunduki iko nyuma yake. Kwa hiyo mbele akaacha kaki, mgongoni akashona kipande kipana cha chungwa kutoka bega hadi bega, na kofia akaizungushia mkanda wa rangi hiyo hiyo, maana kwenye nyasi ndefu kichwa hugeuka kila upande.

Mzee Amjad, mwenye kampuni aliyofanyia kazi Mzee Abuu na mteja wetu mkubwa wa siku hizo, alipoziona alishika kiuno. "Bi Mauza, watu wangu unawafanya machungwa ya Muheza?" Alisema wanyama watakimbia wakiwa mbali, na kwamba kama rangi hiyo haitoki, kazi anaipeleka kwingine. Mwenye duka letu aliingiwa na baridi. Bi Mauza alijibu kwa adabu zote kwamba kazi ni ya mzee na aipeleke atakako, lakini mume ni wake, na bila chungwa mgongoni haingii kwenye nyasi msimu ujao. Halafu akamwomba ampe asubuhi moja tu, Jumapili.

Jumapili hiyo tulikwenda Buguruni, bondeni, kwa jamaa mmoja aliyefuga mbuzi nyuma ya magereji. Zakayo, mpiga pasi wetu, alivalishwa shati zima la chungwa, akawekwa kwenye majani upande ambao upepo hauwapelekei mbuzi harufu yake, akaambiwa asitikise hata ukope. Sisi na Mzee Amjad tukajificha nyuma ya gari bovu. Mbuzi wakaja wakila, wakila, hakuna aliyemjali. Bi Mauza alieleza kwa kunong'ona kwamba wanyama wa kwato hawaitofautishi rangi hiyo na majani kama tunavyoitofautisha sisi. Kinachowashtua ni mtikisiko, harufu na kitu cha kung'aa. Kabla hajamaliza, beberu mmoja akaanza kutafuna kola ya Zakayo. Zakayo alivumilia, namsifu, mpaka beberu alipofika kwenye sikio. Aliruka akipiga yowe, na mbuzi wote wakatimka kuelekea relini.

Mzee Amjad alisema mbuzi si nyati. Lakini alikuwa ameshacheka mpaka ameshikilia lile gari, na mtu aliyecheka hivyo hawezi kurudisha ukali haraka. Alikubali msimu mmoja wa majaribio. Zakayo mpaka leo anadai shati.

Msimu huo wa majaribio Bi Mauza hakuwa na raha. Redio ikitaja mapori ya kusini, mashine zote zinanyamaza. Simu ya duka ikilia, anaweka mkasi chini kwanza ndipo ananitazama usoni. Jamani, yule mama aliteseka, na sisi tulimtania tu kwa kuwa hatukujua namna nyingine ya kumsaidia.

Desemba ilipokwisha Mzee Abuu akatokea mlangoni, mzima, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikaa kwenye benchi la wateja na kusimulia kwa maneno machache kama kawaida yake. Nyati mwingine alijeruhiwa, nyasi zikawa ndefu vile vile, zikatikisika vile vile. Aligeuza shingo akauona mdomo wa bunduki umemwelekea mgongoni, halafu akauona unashuka. Mgeni alikuwa ameona kipande cha chungwa. Bi Mauza wakati huo alikuwa anakata suruali na hakuinua macho, ila mkasi uliacha mstari wa chaki ukaenda zake hadi pembeni ya meza. Katika miaka yote niliyomjua, hicho ndicho kitambaa pekee alichokiharibu.

Baada ya hapo Mzee Amjad aliagiza chungwa kwa watu wake wote, na kampuni nyingine zikafuata. Leo wapo wasoma nyayo tuliowavalisha, kisha tukawavalisha watoto wao. Hatujaletewa kofia nyingine yenye tundu. Bi Mauza amefundisha mafundi wengi, wa karibuni akiwa Salma, anayeichukua meza yake kuanzia kesho. Salma mwanangu, shika adabu, ile kofia inakutazama.

Miaka ya karibuni tulimuuliza Bi Mauza mbona hapumziki, miguu inavimba, macho yanamsumbua. Alitujibu kwamba hawezi kuweka mkasi chini na mtu wake bado yumo kwenye nyasi. Mzee Abuu naye alishatangaza kuacha pori mara tatu, na mara zote tatu Juni ilimkuta anapiga buti rangi. Desemba iliyopita alirudi anachechemea, akamkabidhi mkewe kofia, akasema haina haja ya kushonwa tena. Bi Mauza alisema sawa. Hakuamini. Akaendelea na kazi, akamfundisha Salma, akamaliza oda za msimu, huku jicho moja likiwa kwenye zile buti. Wiki iliyopita Mzee Abuu alizigawa kwa mbebaji mmoja kijana, na siku hiyo hiyo Bi Mauza akaenda kumwambia mwenye duka kwamba sasa yuko tayari.

Jana mchana, nikiwa naandika karatasi hii kaunta, kuna harufu iliingia dukani. Wateja wakageuka, Zakayo akaacha pasi juu ya suruali ya mtu. Nyuma ya harufu akaingia Mzee Abuu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe pe, ya kuonekana tangu Msimbazi, imefukizwa udi hadi kwenye mishono. Kila alichokatazwa kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekivaa, na alisimama katikati ya duka akituamkia kama waziri. Bi Mauza alimtazama juu ya miwani, akatoka nyuma ya meza, akamnyoosha kola. Mimi niliingia stoo kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Bi Mauza, kwa niaba ya karakana nzima, asante. Asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, kwa chai uliyotugawia na kwa watu wote wanaorudi makwao na mgongo wa chungwa bila kujua jina lako. Mungu akupe afya, na macho yako yapumzike. Tunawatakia nyote wawili siku njema na ndefu. Kesho ni Julai mosi, msimu unafunguliwa, magari yataondoka alfajiri kwenda kusini. Wewe lala. Mtu wako yuko hapo ubavuni, ananukia.

Jovitha, kaunta