Risala ya Watunza Viwanja Kuhusu Mashine Iliyofia Stoo

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa bodi ya hospitali, Mganga mkuu, Matroni, na ninyi wagonjwa mliosogeza viti vyenu hadi barazani ili mtuone: tunawasalimu nyote.

KUKUKARIBISHA

Sisi watunza viwanja tunakukaribisha. Umesimama juu ya nyasi tulizomaliza kufyeka jana jioni kwa mkono. Ukiona mahali pameng'oka mpaka udongo, tuwie radhi. Mikono ilikuwa imechoka na fyekeo halina breki.

Tumeambiwa umekuja kutukabidhi mashine mpya ya kukatia nyasi, ile ya kukalia kama trekta dogo, na tunaiona hapo imefungwa utepe. Tunashukuru kutoka moyoni. Tumeambiwa pia kwamba hafla hii ikiisha utaingia kwenye kikao cha bodi, na jambo la kwanza mezani ni barua ya kumwachisha kazi fundi wetu. Kwa hiyo risala yetu haitakuwa ya shukrani tu.

Anayekusomea ni mwenzetu, dada wa vitalu vya maua. Tumemtuma kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, na kwa sababu nyingine utakayoisikia mbele.

HISTORIA FUPI

Mashine ya zamani ilifika hapa miaka kumi na moja iliyopita, ikiwa imeshatumika kwingine. Kiti kilikuwa kimepasuka na usukani ulikuwa unavutia kushoto. Watu walisema haimalizi mwaka. Akakabidhiwa fundi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee Subiri, maana ukimharakisha hajibu neno jingine ila "subiri kwanza".

Mvua zikikatika, nyasi zetu hulala miezi minne, na mashine nayo hulazwa. Kulaza ni neno lake mwenyewe. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili nzima, na dada wa vitalu, ambaye stoo ya mashine inatazamana na vitalu vyake, aliitazama miaka mitatu huku akipalilia. Hakuna aliyemwambia atazame. Ni mtu wa kutazama tu.

Alimwona akiiwasha kwanza mpaka ipate joto, ndipo aimwage oili, kwa sababu oili ya moto hutoka na uchafu wake. Akaona petroli ikinyonywa yote kwa mpira, kisha injini ikiwashwa tena imalize tone lililobaki kwenye kabureta, mpaka izimike yenyewe. Petroli ikikaa miezi minne hugeuka gundi. Betri ilitolewa ikawekwa juu ya ubao ofisini. Visu vilifunguliwa, vikanolewa, kisha kila kimoja kikatundikwa kwenye msumari ukutani kuona kama upande mmoja unazidi uzito. Nyasi zilizogandamana chini ya kifuniko cha visu alizikwangua kwa kijiti. Maji hakutaka kuyasikia. Mwisho aliipandisha juu ya matofali ili matairi yapumzike, akaifunika kwa shuka kuukuu la wodini. Nailoni aliikataa, anasema inatoa jasho.

Bwana stoo alikuwa akimchokoza kila mwaka. "Mzee, hata bi harusi haandaliwi hivi!"

"Bi harusi akiumia atasema," alimjibu. "Huyu hasemi. Nipishe."

MAFANIKIO

Kwa utaratibu huo mashine iliamka misimu kumi bila kugoma. Njia za viti vya magurudumu zilikuwa wazi. Ndugu wa wagonjwa waliketi nje bila kuogopa nyoka. Wafyekaji wanne walipata muda wa kuzibua mitaro, na mwaka juzi maji hayakuingia wodi ya watoto. Hatuna mengine makubwa ya kujisifia.

CHANGAMOTO

Changamoto ni nyingi, ila tutasema moja, kwa kuwa ndiyo iliyotuchosha kuliko kufyeka.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, mke wa Mzee Subiri alilazwa hapa hapa, wodi namba tatu. Mzee akaomba ruhusa akae naye. Kabla ya kwenda alipita vitaluni. "Binti yangu," alimwambia dada, "mashine iacheni nje mpaka nirudi. Nje haitakufa. Ila kama hapana budi, petroli itoke kwanza, na maji yasiiguse."

Siku ya nne ikaja taarifa kwamba wakaguzi watafika saa sita na uwanja uonekane safi. Saa tano mashine ilikuwa imetoka kukata, ina moto na imejaa nyasi. Msimamizi wetu akasema iingie stoo haraka. Mmoja wa wafyekaji akafungua boneti. Mwingine akaondoa mfuniko wa chujio la hewa, akaona vumbi, akasema pasafishwe na hapo. Bomba la maji lilikuwa mikononi mwa dada wa vitalu.

Alijua. Tunaliandika hivi kwa sababu yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Alisema, "Msimamizi, petroli bado imo. Na Mzee alikataza maji."

"Dada, wakaguzi wako getini."

"Basi twende tukamuulize. Yuko wodi namba tatu."

"Mwacheni mtu na mgonjwa wake," Msimamizi akasema, na alisema kwa huruma. Sote tuliona ni neno la utu. Kutoka stoo hadi wodi namba tatu ni hatua mia mbili, dada amezihesabu baadaye. Siku ile hakuenda. Alisubiri kidogo kama kuna mwingine atakayesema kitu, akaona hakuna, akafungulia maji.

Mashine ikasukumwa ndani ikiwa imelowa, betri imo, petroli imo, ikafunikwa nailoni. Wakaguzi walitusifu.

Miezi minne baadaye mvua zikarudi na mashine haikuamka. Petroli ilikuwa imegeuka gundi, betri imevimba, na maji yaliyopita kwenye chujio yalikuwa yameshuka hadi ndani ya injini, pistoni ikashikwa na kutu. Mzee Subiri, aliyerudi kazini siku hizo baada ya kumuuguza mkewe, aliikuta hivyo. Alifunua nailoni, akanusa tangi, akachutama chini akaangalia zile nyasi zilizooza.

"Nani aliilaza?"

Tulikuwa saba pale. Bwana stoo akatazama funguo zake. Wafyekaji wakatazama chini. Msimamizi akajidai ameitwa ofisini. Dada wa vitalu akaanza kuikunja ile nailoni. Mzee akatungoja kwa muda mrefu, kama kawaida yake, halafu akafuta mikono na kitambaa akaenda kujibu ofisini.

Kule aliulizwa mashine iko chini ya nani. Akasema iko chini yake. Hilo ni kweli, jina lake ndilo lililo kwenye daftari. Ruhusa yake hakuitaja, na ofisi ikaandika uzembe.

Leo ni wiki ya saba yuko nyumbani anangoja barua, na mkewe bado anaegemea ukuta akitembea. Sisi tunafyeka. Tukifika mwisho wa uwanja, mwanzo umeshaota. Usifikiri tunalalamikia kazi. Kinachotulemea ni kwamba tukipita mbele ya nyumba yake tunasalimia, naye anaitikia vizuri, anauliza tunaendeleaje na nyasi.

MAOMBI

La kwanza, mashine mpya ipewe siku mbili za kulazwa kila mvua zikikatika, na mkaguzi yeyote akija aikute ilipo.

La pili, isikabidhiwe dereva mgeni. Tumesikia ameshatafutwa kijana anayejua kuiendesha. Kuendesha hata sisi tunaweza. Kuna mtu mmoja tu anayejua kuilaza, naye hayupo hapa kwa sababu yetu.

La tatu ndilo lililotuleta. Tunaomba barua ile isiandikwe. Petroli tuliiacha sisi. Maji tuliyatia sisi. Tulipoulizwa, tulinyamaza sisi. Kama bodi inaona ni lazima barua iwepo na ni lazima iwe na jina, basi majina yaliyo sahihi tumeyaandika kwenye karatasi ya pili, saba, na kila mtu amesaini lake.

Haya tumeyaongeza mwisho: risala hii aliisoma Msimamizi wetu leo asubuhi kabla ya kupelekwa kupigwa muhuri. Tulidhani ataichana. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, akatia sahihi mstari wa kwanza wa karatasi ya pili. Akasema, "Someni yote. Mimi nami nimechoka."

Mzee Subiri hatukumwambia. Angetukataza.

Mgeni rasmi, Mungu akuongoze katika kikao chako, awaponye wote waliolala katika wodi hizi, na akurudishe kwako salama. Kabla hujakata utepe tunaomba utuangalie kidogo. Tumesimama upande wako wa kulia, tumepangana kama tulivyosaini.

Ni sisi watunza viwanja vya hospitali:
Msimamizi,
Bwana stoo,
wafyekaji wanne,
na dada aliyeshika bomba.