Mwaka Usomwao Kuanzia Mwisho

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bu Retnaningtyas, Mkuu wetu wa Wilaya, pamoja na mkuu wa kijiji na majirani: karibuni mikekani. Chai ya tangawizi ipo, viazi vitamu vipo. Ya moyoni tutayasema mkishaonja.

TULIKOTOKA

Sisi ni waimbaji wa tenzi za Kijava. Utenzi wa kijiji hiki unamalizia hivi: "Mwezi waonja ladha, mlima waikumbatia ardhi." Ndani yake mna mwaka, kwa kuwa kila jina lina tarakimu yake. Mwezi ni moja, ladha ni sita, mlima ni saba, ardhi ni moja. Na wazee walitufundisha kuzipanga tarakimu kuanzia neno la mwisho. Basi ni 1761 ya Kijava, vita vikuu vya Java vimetoka kwisha, Nyi Rantam na wajane wenzake walipofyeka pori hili.

TUNAYOJIVUNIA

Watoto wetu wanaghani bila kukosa mizani hata moja. Mwalimu wao wa hisabati analalamika kwamba darasani hawako hivyo.

KINACHOTUUMA

Jiwe la kumbukumbu ya kijiji utakalolifunua leo limeandikwa 1671. Mwaka umesomwa kuanzia neno la kwanza. Kwa mwaka huo mwasisi wetu anakuwa ofisa mmoja wa mfalme wa enzi hizo, aliyepita tu hapa akalala, akaenda zake. Tulimwuliza mkuu wa kijiji, Pak Darsono, ambaye ni mwimbaji mwenzetu na anajua fika. Akacheka: "Jamani, miaka tisini ya bure mnaikataa? Kijiji kikongwe ndicho kinachopata wageni."

Hatumlaumu, anatutakia neema. Lakini kaburi la Nyi Rantam sasa linaitwa la mtu baki, na litahamishwa kupisha maegesho ya mabasi. Mbah Tumirah, bibi wa uzao wake anayetuongoza kuimba, ameacha kuimba tangu asikie habari hiyo. Alitwambia neno moja tu: "Alitufyekea pori, leo sisi tumfukuze?"

OMBI

Hatuombi fedha wala bati. Tunaomba uketi kwanza, tukuimbie, uhesabu mwenyewe. Jiwe libaki limefunikwa hadi lichongwe upya. Mbah Tumirah hayupo hapa mikekani. Amekaa kaburini, na amesema hainuki mpaka apelekewe jibu lako.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, na mkono mwepesi kwa kila jema, ila kwa kamba ya kitambaa kinacholifunika jiwe uwe mzito.

Ni sisi wako,
Waimbaji wa Tenzi wa Karangwuni