Ndege Iliyoruhusiwa Kushusha Tu

Mwaka ule Kwini wa Waingereza alipotawazwa, kijiwe chetu cha Nyakatuntu kilikuwa gogo refu lililolainika kwa kukaliwa, kando ya kiwanja cha ndege cha wachimba bati. Mimi nilikuwa mke mgeni hapo. Nilichemsha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia, wanaume wakitafuna na kutema maganda mpaka ardhi ikawa nyeusi. Kila Jumatano, ukungu ukipanda kutoka mto Kagera, ndege ya Wabelgiji kutoka Usumbura ilitokea humo kama kitu ulichokiota ukakisahau, ikatua, ikakaa nyasini kama korongo aliyechoka, mpaka adhuhuri. Jumatano hiyo Bi Kokubanza alichechemea hadi mlangoni mwa ndege, kikapu cha ukindu kichwani. Rubani akatikisa kichwa. Kokubanza akaja kuketi kwenye gogo letu.

— Shikamoo shangazi, akasema Egbert. Tulimwita Tarishi, maana aliwahi kubeba barua za Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, na tangu hapo akawa anaongea kama serikali. Wamekukatalia?

— Marahaba, mwanangu. Nauli ninayo. Anasema hapa anaruhusiwa kushusha watu tu. Kupakia, hapana.

— Sahihi kabisa! Tarishi akajibu, ungedhani muhuri aligonga yeye. Serikali mbili zimepatana. Ndege ya Wabelgiji ikija kwetu, ishushe, kisha irudi na walewale iliokuja nao. Abiria wa huku ni wa kampuni ya Waingereza.

— Basi nitapanda ya Waingereza.

— Hiyo nayo hairuhusiwi kutua Usumbura.

— Kwa hiyo hii inafika ila hainichukui, na ile inanichukua ila haifiki.

— Umeelewa kuliko karani, shangazi.

Kokubanza hakucheka. Deodatha, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa anafunga ndoa Usumbura Jumamosi hiyo. Na kwetu bibi harusi haingii nyumba ya mumewe mpaka shangazi amshike mkono, amvushe mlango. Kwa miguu ni siku kumi na zaidi, na nyonga ya Kokubanza ilivunjwa na fahali zamani.

— Kanisani ataingia na padri, akasema taratibu. Nyumbani ataingizwa na nani?

Tumwine akatema ganda. Huyo tulimwita Mapembe, mfugaji, kila jambo kwake lilikuwa ng'ombe.

— Mimi naona ni kama kisima. Ng'ombe wa mgeni atakunywa maji yangu, sawa. Ila akiondoka na mtamba wangu, tunapigana fimbo. Sasa shangazi hapa ndiye mtamba.

— Mtamba mwenye umri huu? Kokubanza akanigeukia mimi. Kemilembe, mnyime huyu kahawa!

— Nasema kwa heshima! Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Ndege ikipaa, aifuate chini chini.

— Siku kumi, Mapembe, akasema Tarishi. Nyuki gani huyo?

Hapo Aristides akajikohoza. Tulimwita Seminari. Alisoma kwa mapadri miaka miwili, akafukuzwa kwa kuiba maembe, naye alisema ni kwa kuuliza maswali.

— Hamjui kitu ninyi. Anga lina orofa. Waingereza wamechukua orofa ya mawingu meupe, Wabelgiji iliyo juu yake. Baba Mtakatifu anayo ya tatu, lakini haikodishi.

— Na mvua?

— Mvua ni ya Wajerumani. Walipokimbia walisahau kuichukua.

Tukacheka mpaka korongo wa kweli wakaruka bondeni. Kisha tukawa tunatazama juu. Kila mmoja alikuwa anazitafuta hizo orofa, na mimi, Mungu anisamehe, niliiona ngazi yake, nyembamba, ya rangi ya maziwa.

— Mpaka wao wanaujuaje huko? Mapembe akanong'ona.

— Umechorwa, Tarishi akasema. Juu ya mto, kwa wino.

— Wino haudondoki?

— Wa serikali haudondoki.

— Nimepata! Seminari akaruka. Barua zinavuka, sivyo? Tumtie shangazi kwenye gunia la posta, tumbandike stempu. Usiache mbachao kwa msala upitao!

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango wa nyuma.

Kokubanza alikuwa anaitazama ndege. Fundi alikuwa anafunga matangi, jua limekaribia utosini.

— Mnanichekesha, wanangu, akasema. Lakini mtoto yule hana mama, hana baba. Atasimama nje ya mlango wa watu akinisubiri mimi.

Ndipo akafika Nuwagaba, mvushaji wa mtumbwi kule mtoni, amekuja kununua chumvi. Akatusalimu, akasikiliza habari yote amesimama.

— Mimi sijui mambo ya serikali, akasema. Ila nauliza. Inaruhusiwa kushusha watu hapa?

— Inaruhusiwa, akajibu Tarishi.

— Na kurudi na iliowaleta?

— Nao ndiyo.

— Sasa kwa nini bibi harusi asije yeye?

Mapembe akamtazama Seminari. Seminari akatazama juu, kwenye orofa zake.

— Nyumba ya mume iko Usumbura, Tarishi akajaribu.

Kokubanza alishasimama.

— Egbert, toa kalamu. Andika kabla haijaondoka. Mwambie Jumatano ijayo aje na mumewe. Nyumba wataikuta.

Barua ikaruka siku hiyohiyo. Wanaume wale wa maneno matupu wakaacha maneno. Mapembe alileta nyasi, Tarishi fito, Seminari akasimamia kazi ambayo haikuhitaji msimamizi, na kufikia Jumanne jioni msonge mdogo ulikuwa umesimama pembeni mwa kiwanja.

Deodatha alishuka na gauni lake jeupe. Tangu Jumamosi alikuwa amelala kwa masista, hajakanyaga kwa mumewe. Mume akatangulia kuingia kwenye msonge, ukawa wake. Rubani akatuonyesha saa yake ya mkononi: karatasi yake ya ruhusa ilimpa mpaka adhuhuri, ikabaki saa moja tu, kisha aondoke nao.

Kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa msonge zilikuwa hatua arobaini. Kokubanza akamshika binti mkono, akazitembea polepole, kama mtu aendaye Usumbura kwa miguu.