Mama wa Kwenye Insha

— Hebu sema wewe, Mwalimu: mtoto akiandikiwa insha, mwizi ni nani, mtoto au aliyeshika kalamu?

Aliyeuliza ni Ildefonsi, ambaye Nyaishozi nzima inamwita Redio kwa sababu hazimiki hata betri zikiisha. Aliyeulizwa ni Mwalimu Placidius, mstaafu, ambaye kila siku saa kumi na moja jioni hukaa mwisho wa benchi la barazani kwa Projest, fundi cherehani, kwani nyumbani kwake hakuna wa kumwuliza chochote. Ilikuwa 1984, sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa, basi chai hakuna. Wanabenchi walitafuna buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, kutoka kwenye kikapu kidogo kilichopita paja hadi paja. Tangu Jumatatu mada ilikuwa moja. Laurensia, binti wa Nyirabageni, darasa la saba, alipeleka shuleni insha iliyouzidi umri wake. Mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani mpaka amtaje aliyemwandikia. Laurensia hakufungua mdomo. Mtihani ulibaki wiki mbili, na baba yake ameshasema asiye na shule ana jembe.

Placidius alichukua buni, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

— Tumwache mtoto, akasema.

— Tumwache vipi na wewe ndiye unayemfundisha kila siku saa kumi? akasema Projest, pini mdomoni. Ila tunajua unavyofundisha. Mikono nyuma kama mfungwa! Mwanangu alilia kwako wiki nzima kwa hesabu moja. Wewe unauliza tu, "Kwa nini? Halafu?" Jibu hutoi ng'o.

— Kalamu ya mtoto haigusi huyu, Redio akakubali. Kwa hiyo Mwalimu tumtoe.

Wakamtoa, haraka hivyo. Placidius akairudisha buni kikapuni bila kuila.

— Mimi nawaambieni insha imetoka Bukoba, akasema Gosbert, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi mahakamani, mara moja. Kuna kiwanda kule. Unataja jina la ukoo wako, unatolewa insha yenye ng'ombe wenu na migomba yenu.

— Kiwanda! Sabuni imewashinda, wataweza insha?

— Basi ni askari, akasema Redio, akishusha sauti. Vita imeisha tangu sabini na tisa, yeye hajaambiwa. Amejificha migombani kule Chonyonyo miaka mitano, anakula ndizi mbichi, hana la kufanya. Anaandika.

— Askari gani anaandika habari za wageni na mikeka?

— Mpweke, Hakimu. Askari mpweke.

Wakacheka mpaka Projest akatema pini. Placidius akacheka nao, kwa kuchelewa kidogo.

— Hebu tuambie tena ilivyosema, Projest akadai. Si ulikuwepo ikisomwa mbele ya wazazi?

Redio akakohoa, akaketi wima:

— "Mgeni alipofika, mama alikung'uta mkeka ambao tayari ulikuwa safi. Akachukua buni moja, akaipasua. Ndani mlikuwa na punje mbili. Moja akala yeye, moja akampa mgeni. Akasema: sasa utaniagaje mapema?"

Placidius akangoja. Alikuwa akingoja tangu Jumatatu. Watu hawa watatu walikaa kwenye mkeka ule miaka na miaka, kila Jumapili baada ya misa. Kila mmoja alishapokea punje kutoka mkono ule na kuambiwa maneno yale yale. Mwenye mkono ana miaka mitatu tu udongoni. Akawatazama mmoja mmoja usoni.

— Maneno matamu, akasema Projest. Sijui kayatoa wapi.

Hapo ndipo Nyirabageni, mama yake Laurensia, alipopanda barazani, jembe begani, matope yakimkauka miguuni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Kaa, mama, waitu, mwenzetu wewe.

— Sikai. Siku ya nne leo mnamtafuna mwanangu na kahawa yenu. Nina swali moja. Huyo mama wa kwenye insha ni nani?

— Si wewe? akasema Redio.

— Mimi? Sisi tumetoka Burundi na jembe na chungu. Kahawa naichuma kwenye mashamba ya watu, siitafuni. Mgeni wangu hunikuta sipo. Nimemwuliza Laurensia: unanionea haya, ndiyo maana umekwenda kuazima mama mwingine? Analia tu. Shule itajua yenyewe. Mimi nataka kujua huyo mwanamke.

Kikapu kikamfikia Placidius. Ilibaki buni moja. Akaipasua kwa kucha, punje moja akaitia mdomoni, nyingine akamnyooshea Nyirabageni. Naye, bila kujua kwa nini, akaipokea.

Projest akavua miwani.

— Anatolia, akasema polepole. Mama wa watu. Anatolia.

— Mke wangu, akasema Placidius. Mwanao hakukuonea haya, mama. Alikuja kwangu na kichwa cha insha, "Mgeni Nyumbani Kwetu", na sentensi mbili amekwisha kuziandika mwenyewe. Zilikuhusu wewe, ukirudi jioni na kuni kichwani. Zilikuwa nzuri. Sikuwa na la kusahihisha. Nikaona kumbe amekwisha kujua, siku si nyingi hatakuwa na haja ya kuja. Na akiacha kuja, saa kumi yangu inakuwa kama saa tisa, na saa tisa kama saa nane.

Akaweka kikapu kitupu sakafuni.

— Nikamwambia za kwake hazitoshi. Niliongopa. Nikachukua kalamu mkononi mwake, nikaandika nyumba ninayoijua, nikamwamuru anakili. Sikumwomba anifiche, kanificha mwenyewe, na mimi nimekaa hapa siku nne nikisifiwa. Mwizi uliyekuwa ukimwulizia, Ildefonsi, ni mimi. Niliandika mimi. Nilitaka arudi kesho yake.